Miezi mitano sijalia, na mtoto bado anauliza mama atarudi lini

Wapendwa washauri,

Mke wangu alifariki miezi mitano iliyopita. Alikuwa mzima. Jioni ile alisema kichwa kinamuuma, nikampa vidonge viwili vya kutuliza maumivu, nikamwambia alale mapema. Saa nane usiku nilimkuta hajitambui. Daktari alisema mshipa wa damu ulipasuka kichwani. Siku mbili hazikuisha akawa ametutoka.

Tangu hapo sijalia. Kwenye mazishi nilikuwa napanga viti, nalipa watu, napokea wageni, na kila mtu alinisifu kwamba nimejikaza. Wiki iliyofuata nilirudi kazini. Sasa nafanya kazi mpaka usiku, na nikifika nyumbani nalala sebuleni ili nisiingie chumba chenye kabati lake. Saa nane usiku usingizi unakatika, ileile saa. Mara mbili nimemsikia akiniita kwa jina, sauti yake kabisa, nikaitika. Sijamwambia mtu, naogopa wataona nimerukwa na akili.

Tuna watoto wawili. Binti yetu ana miaka 13. Siku hizi ndiye anayepika na kumwogesha mdogo wake, na hajalia mbele yangu hata siku moja. Mdogo ana miaka 6. Siku ya msiba shangazi zake walimwambia mama amesafiri. Kila wiki ananiuliza atarudi lini, nami nageuza mazungumzo.

Kaka zangu wanasema muda umetosha, nigawe nguo na nifikirie kuoa ili watoto wapate mama. Shemeji, dada wa marehemu, anasema nikigusa nguo hizo ni kama nimemfuta dada yake. Shemeji huyohuyo alinipa dawa za usingizi alizoandikiwa yeye. Ni wiki ya pili nazinywa. Kila usiku najiuliza: ningempeleka hospitali jioni ile? Na wakati mwingine natamani nilale nisiamke.

Je, nimeharibikiwa? Nianzie wapi?

Mgane mwenye watoto wawili

*

Ndugu yetu,

Pole sana. Umeuliza mambo mengi kwa pamoja, na hayalingani uzito, kwa hiyo hatutafuata mpangilio wako. Tunaanza na maneno uliyoyaacha mwishoni kabisa.

Kutamani kulala usiamke ni wazo linalowapitia wafiwa wengi, na mara nyingi maana yake ni "nataka maumivu haya yakome" au "nataka niwe alipo". Lakini kuna mpaka unaopaswa kuujua. Wazo likianza kuwa na njia, siku au mahali, au ukijikuta unapanga watoto watabaki na nani, hiyo ni dharura sawa na mtu anayevuja damu: usikae peke yako, mwite mtu, nendeni hospitali usiku huohuo bila kungoja kuche. Hata kama hujafika huko, wiki hii mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini, kwa maneno yaleyale uliyotuandikia sisi. Na yeye akuulize waziwazi kama unawaza kujiua. Watu huogopa kuuliza wakidhani wanampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo; wengi wanapoulizwa hushusha pumzi.

Vile vidonge vya shemeji viondoke mikononi mwako. Si kwamba shemeji alikutakia mabaya. Dawa ilipimwa kwa mwili wake, si wako. Ikichanganywa na pombe inaweza kukuzuia kupumua. Na nyingi za aina hii zikinywewa kila usiku kwa wiki kadhaa mwili huzizoea, kisha usingizi hauji bila hizo. Kwa kuwa umeshazinywa kwa wiki mbili, usizikate kienyeji. Chukua pakiti yenyewe, umwoneshe daktari au mfamasia ili akuambie ni dawa gani na unaiachaje. Vitakavyobaki atunze mtu mwingine.

Sasa mtoto wako mdogo. Hili haliwezi kungoja mpaka wewe upate nafuu.

Mtoto wa miaka 6 huchukua maneno kama yalivyo. Aliyesafiri hurudi. Asiporudi, hesabu ya mtoto ni rahisi: hanitaki, au nilimkosea. "Amelala" humfanya mtoto aogope kulala, na "ametuacha" humfanya aamini mama aliamua kuondoka. Neno linalomsaidia ni lile ambalo sisi watu wazima hulikwepa: amekufa. Umri wa miaka mitano hadi saba ndio watoto wengi huanza kuelewa kwamba kifo hakina kurudi, kwa hiyo anaweza kulibeba, ila asilibebe peke yake.

Zungumza kwanza na dada yake, faragha, umwambie utafanya nini na lini. Yeye naye amekuwa akiubeba uongo huo kila anapoulizwa. Kisha chagua mchana wa siku ambayo huendi kazini, si muda wa kulala, mkae mahali alipozoea. Mwambie hivi, au kwa maneno yako yanayokaribia haya: "Tulikuambia mama amesafiri. Haikuwa kweli. Tuliogopa utaumia, tukakosea. Mama amekufa. Mshipa wa damu ulipasuka ndani ya kichwa chake, ubongo ukaharibika, na madaktari hawakuweza kuutengeneza. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui, hasikii baridi, haumwi. Hawezi kurudi." Halafu nyamaza. Acha kimya kikae hata kama kinakuunguza.

Kuna maswali matatu ambayo watoto wa umri huu huwa nayo, yawe yamesemwa au hayajasemwa, nawe uyajibu bila kungoja aulize. Ni mimi niliyesababisha? (Hapana, hakuna ulichosema, ulichofanya wala ulichowaza.) Na wewe utakufa? (Watu wengi huishi mpaka wazee, nami najitunza. Ila usimwahidi kwamba hutakufa kamwe.) Nani atanitunza? (Mimi, na nisipokuwepo ni fulani, umtaje kwa jina.) Kwenu kuna la nne: kama amesikia kwamba mama aliumwa kichwa, kila atakayeumwa kichwa nyumbani atamtia hofu, hata yeye mwenyewe. Mweleze kwamba karibu maumivu yote ya kichwa huisha yenyewe, na la mama lilikuwa jambo jingine, nadra sana.

Anaweza kulia. Anaweza kuuliza kama leo kuna uji. Anaweza kurudi kwenye mchezo baada ya dakika mbili, ukadhani hakusikia. Amesikia, watoto huingia kwenye huzuni kwa vipande vifupi, wakatoka, wakaingia tena. Kesho ataliuliza swali lilelile, na keshokutwa; jibu lilelile, kwa utulivu uleule. Akianza kukojoa kitandani au kukung'ang'ania mlangoni kwa wiki chache, usimkemee. Mwambie mwalimu wake kabla hajarudi shuleni, ili asipate jibu tofauti huko. Na shangazi zake wote wapewe sentensi moja, ileile yako. Mtu mmoja akirudi kusema "mama yuko safarini" utaanza upya.

Binti yako anatutia wasiwasi zaidi ya mdogo, kwa sababu hasumbui mtu. Mtoto wa miaka 13 anayegeuka mama wa nyumba hupongezwa na kila mgeni, na pongezi hizo ndizo zinazomfunga. Hajalia mbele yako kwa kuwa wewe hujalia mbele yake, anakulinda. Mvue mzigo kwa kazi halisi, si kwa maneno. Anza na kumwogesha mdogo: kuanzia wiki hii ni kazi ya baba. Kisha siku tatu za kupika. Abaki na kazi zinazolingana na umri wake, asivuliwe zote, maana zingine zinampa nguvu. Ukitaka kuzungumza naye usimkalishe mbele yako kama mtuhumiwa. Vijana husema wakiwa ubavuni mwako, mikono ikiwa na shughuli: mnaosha vyombo, mnatembea kwenda dukani. Sema sentensi moja ya kweli, kwa mfano "Leo nimemkumbuka sana mama yako", na usidai jibu.

Tumefika kwako. Kutolia hakumaanishi umeharibikiwa, wala hakumaanishi hukumpenda. Pengine umesikia kuhusu hatua tano: kukana, hasira, kubembeleza, huzuni nzito, kukubali. Zilitoka kwenye kazi ya daktari Elisabeth Kübler-Ross, iliyochapishwa mwaka 1969, na aliokuwa akizungumza nao walikuwa wagonjwa waliokuwa wakikikabili kifo chao wenyewe. Baadaye watu wakazigeuza ngazi ambayo kila mfiwa lazima aipande. Hakuna ngazi. Usijipime nayo.

Maelezo tunayoyaamini zaidi ni ya watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut, waliyoyatoa mwaka 1999. Wanasema mfiwa ana pande mbili za kuhudumia. Upande mmoja ni msiba wenyewe: kumlilia, kumtamani, kutazama picha, kuikumbuka siku ile. Upande wa pili ni maisha yaliyobadilika: ada, mapishi, kulea peke yako, kujifunza kazi zilizokuwa za mwenzako, hata kucheka. Mtu hupona kwa kwenda na kurudi kati ya pande hizo, wakati mwingine ndani ya saa moja. Anayekaa upande wa kwanza tu huzama. Anayekaa upande wa pili tu, kama wewe, hutumia nguvu nyingi kuuzuia mlango, na mlango huo hufunguka saa nane usiku asipokuwepo mtu wa kuuzuia.

Kwa hiyo tunakuomba uupe msiba miadi. Siku tatu kwa wiki, dakika 20, mchana au alasiri, simu ikiwa imewekwa ilie muda ukiisha. Wiki ya kwanza simama tu mlangoni mwa chumba chenu, halafu keti kitandani. Wiki ya pili fungua kabati, usitoe kitu. Wiki ya tatu toa nguo moja, ishike, inuse kama unataka. Ukitaka kuzungumza na mke wako, zungumza kwa sauti. Simu ikilia, funga kabati, nawa uso, kisha fanya kazi ya mikono yenye mwisho unaoonekana: kufua mashati mawili, kufagia uwanja, kutembea robo saa. Kazi hiyo ndiyo njia yako ya kurudi, usiiruke.

Zoezi hili huharibika kwa njia tunazozijua. Mtu huanza na kitu kizito kuliko vyote, mathalani nguo aliyovaa usiku ule, akaumia kiasi cha kutorudia tena. Au hulifanya usiku, akiwa amechoka, na pombe pembeni. Au hujisahau humo kwa muda wa saa tatu. Machozi yasipokuja, zoezi halijashindwa. Wengine huanza kwa kutetemeka, kwa donge kooni, kwa hasira. Yakija, mara nyingi huisha yenyewe ndani ya dakika chache, jambo ambalo watu waliojikaza kwa miezi hawaliamini mpaka liwatokee. Na mtoto akikukuta unalia, usijifiche. "Nalia kwa sababu namkosa mama. Nitakuwa sawa muda si mrefu." Hiyo inatosha.

Kuhusu sauti uliyoisikia, tulia. Mwaka 1971 daktari Dewi Rees wa Wales alichapisha majibu ya karibu wajane na wagane 300: takriban nusu yao walikuwa wamehisi uwepo wa marehemu, kumsikia, kumwona au kuguswa naye, na wengi hawakuwa wamemwambia mtu, baadhi yao kwa hofu hiyohiyo yako. Ubongo uliozoea sauti moja kwa miaka huendelea kuitegemea. Cha kumwambia daktari haraka ni sauti inayokutukana, inayokuamuru ujidhuru, au ukianza kuishi kana kwamba hakufa.

Lile swali la jioni ile linahitaji karatasi na kalamu, kwa kuwa kichwani halina mwisho. Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika ulichokijua wakati ule, kabla ya kulala: alisema kichwa kinauma, alikuwa anaongea vizuri au la, alitapika au la, aliwahi kuumwa kichwa kabla, na mara hizo mlifanya nini. Andika yale uliyoyaona kwa macho yako tu. Kulia andika ulichokijua baada ya saa nane usiku: mshipa, hospitali, maneno ya daktari. Sasa soma upande wa kushoto peke yake, kana kwamba umeandikiwa na jirani anayeomba ushauri. Wafiwa wengi hugundua kwamba kila usiku wamekuwa wakimhukumu mtu wa kushoto kwa ushahidi wa kulia. Ukishaandika, peleka karatasi hiyo kwa daktari aliyemhudumia, au mwingine atakayekubali kusoma taarifa yake, umuulize maswali matatu: dalili alizokuwa nazo jioni zingemfanya mtu wa kawaida ashtuke? Tungefika saa chache mapema, kipi kingeweza kubadilika? Kuna jambo linalowahusu watoto wangu kiafya? Swali la tatu lina maana yake, kwa sababu udhaifu wa mishipa ya kichwani wakati mwingine hufuata ukoo.

Huenda majibu yasikusafishe kabisa. Huenda daktari akasema kulikuwa na nafasi ndogo. Hatutakudanganya kwamba hatia yote huisha kwa hesabu. Ikibaki, ichukulie kama majuto na si kama hukumu: mwandikie mke wako barua, mwombe radhi kwa jambo moja mahususi, uisome kwa sauti kwenye moja ya zile dakika 20. Kuomba radhi kuna mwisho, kujiadhibu hakuna.

Usingizi. Ukiamka saa nane na ukaona dakika kama 20 zimepita bila kulala, toka ulipolala, kaa kwenye kiti, taa hafifu, bila simu, mpaka kope ziwe nzito. Asubuhi amka saa ileile hata kama umelala kidogo, na usilale mchana zaidi ya nusu saa. Utakaporudi kitandani kwenu, jaribu kulala upande wake. Mkono ukipapasa usiku haukuti nafasi tupu pale ulipozoea kumkuta.

Nguo hazina tarehe ya mwisho. Kaka zako hawana mamlaka juu ya kabati hilo, na shemeji naye hana. Ukiwa tayari, fanya mafungu matatu: ya kubaki, ya kutoa, na ya "bado sijui", na hilo la tatu ndilo liwe kubwa. Binti achague chake kabla ndugu hawajachagua, na shemeji mwalike achague kimoja. Huenda hofu yake ya kufutwa kwa dada yake ikapungua akiwa na kitu mkononi. Nguo moja yenye harufu yake usiifue, iweke kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa usipitishe hewa. Na leo, kabla hujalala, nakili ujumbe wake wa sauti na picha kutoka kwenye simu mahali pawili tofauti. Simu huharibika, na laini isiyotumika hufungwa, namba ikapewa mtu mwingine. Tumeona watu wakilia upya kwa kupoteza sekunde 15 za sauti.

Kuhusu kuoa, wajibu kaka zako kwa sentensi moja isiyo na ugomvi: "Nimewasikia, sitaamua jambo hilo mwaka huu." Maamuzi yasiyorudishika kirahisi, kama ndoa, kuuza nyumba au kuwahamishia watoto kwa ndugu, yakiweza kungoja mwaka, yangoje. Kisha wape kaka zako kazi yenye siku na saa: Jumanne kuwachukua watoto shuleni, Jumamosi asubuhi kukaa nao. Anayesema "ukihitaji chochote niambie" ana nia njema lakini anakuachia mzigo wa kufikiri.

Tarehe ya kuzaliwa kwake na ile ya kumbukumbu ya kifo zitakuja. Kwa wengi siku za kuelekea huwa ngumu kuliko siku yenyewe, basi amueni mapema, pamoja na watoto, mtafanya nini, na nani, na mtaondoka saa ngapi mkichoka.

Mwisho, tiba. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la kumi na moja la orodha yake ya magonjwa, linautambua msiba uliokwama: kutamani sana au kumwaza marehemu kusikoisha, pamoja na maumivu makali yanayomzuia mtu kuishi, kwa angalau miezi 6. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2022 unaweka miezi 12 kwa watu wazima. Ipo tiba ya mazungumzo iliyoundwa kwa ajili hiyo na kujaribiwa, kwa kawaida vikao kama 16. Dawa za sonona peke yake hazitibu msiba, ila zinasaidia pale sonona yenyewe ipo. Wewe usisubiri mwezi wa sita. Lile wazo la kutoamka linatosha kukupeleka wiki hii. Vilevile maumivu ya kifua au kukosa pumzi yasipewe jina la huzuni mpaka moyo upimwe, maana msiba mzito unaweza kuudhuru moyo kweli.

Wafiwa wengi wakifika mbele ya daktari husema "kichwa kinauma" au "nimechoka", wakarudi nyumbani na dawa za maumivu. Iandike hii kwenye kipande cha karatasi, na mdomo ukigoma, mpe aisome: "Mke wangu amekufa ghafla miezi mitano iliyopita. Silali, naamka saa nane kila usiku. Nimekunywa dawa za usingizi za mtu mwingine kwa wiki mbili, ni hizi hapa. Wakati mwingine natamani nisiamke. Nina watoto wawili."